Kambi za Hema Kando ya Galana: Zina Thamani ya Pesa ya Mtu wa Mombasa?

Kwa mtu wa Mombasa anayetaka kulala porini bila kupanda ndege, kambi ndogo za hema zilizoko kando ya mto Galana, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki, ndizo tunazozipendekeza kabla ya nyingine zote zinazofikika kwa gari kwa siku moja. Kasoro zinazo, na baadhi ni za kuudhi. Lakini kinachouzwa pale hoteli kubwa za upande wa Voi haziwezi kukuuzia: ukingo wa mto, mahema machache yaliyoachana kiasi cha kutosikia kikohozi cha jirani, na asubuhi nzima bila kuona msururu wa magari ya watalii. Sharti ni moja: lala usiku mara mbili. Usiku mmoja ni pesa iliyoanguka majini.

Hesabu yake ni rahisi. Zile safari za siku mbili na usiku mmoja wanazouza vijana wa ufuoni, kuanzia Bamburi na Nyali hadi Diani, hukuchukua mlangoni saa kumi na moja alfajiri. Unaingia hifadhini mnamo saa mbili au saa tatu, unazungushwa kwenye vumbi hadi mchana, unafika kambini saa saba kula. Saa kumi mnatoka tena, mnarudi giza likiingia, mnakula, mnalala. Asubuhi mizigo imeshapakiwa garini kabla hujamaliza chai, kwa sababu mzunguko wa asubuhi ndio huohuo wa kurudi nyumbani. Ukijumlisha saa ulizokaa kambini ukiwa macho hazizidi tano, na mbili katika hizo ulikuwa mezani. Umelipia mto, ukautazama ukiwa na uma mkononi. Kwa safari ya namna hiyo afadhali hoteli kubwa karibu na lango la Voi au bwawa la Aruba. Utaona ndovu wale wale wanywapo maji, na bei itakuwa nafuu.

Tsavo Mashariki ina kilomita za mraba 13,747. Kaunti yote ya Mombasa ingeingia humo zaidi ya mara arobaini na bado pori likabaki. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kabla ya kulipa ni lango gani liko karibu na kambi, na kutoka langoni ni mwendo wa saa ngapi. Kitanda na picha za machweo baadaye. Mwendo unaoruhusiwa ndani ya hifadhi hauzidi kilomita 40 kwa saa, na barabara nyingi za ndani zimejikunja kama bati, kwa hiyo kilomita 80 ni zaidi ya saa mbili hata kama dereva ni hodari.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni barabara kuu ya Nairobi hadi lango la Bachuma, kiasi cha kilomita 100 kutoka mjini, baada ya kupita Mackinnon Road. Ni karibu, ila likishakuingiza limekuacha kusini kabisa mwa hifadhi, na Galana bado iko mbali. Ya pili ni kuendelea hadi Voi, kama kilomita 160, uingie kwa lango la Voi kisha ukate hifadhi kuelekea kaskazini. Hii ndiyo njia ya madereva wengi, na ina faida ya kupita penye wanyama wengi. Ubaya wake ni kuwa unafika kambini umechoka na umejaa vumbi jekundu hadi masikioni. Ya tatu ni kupanda Malindi, kisha kushika barabara ya Sala, kama kilomita 110 kutoka Malindi hadi lango la Sala. Kwa jumla ni ndefu kuliko ya Bachuma, lakini sehemu kubwa unaimaliza nje ya hifadhi kwa mwendo wa kawaida, na kambi nyingi za sehemu ya chini ya mto haziko mbali na lango hilo. Ukiwa na gari lako na kambi iko upande wa mashariki, pita Sala. Ukitaka kuzunguka vizuri, ingia Sala utokee Voi, usirudie njia.

Wasio na gari wapande treni ya Madaraka ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani, washuke Voi. Kambi humtuma dereva kuwapokea stesheni. Uliza mapema bei ya gari hilo kwenda na kurudi, na uulize inatozwa kwa gari au kwa kichwa. Hapa ndipo watu wanapokamuliwa: chumba kinaonekana rahisi, kumbe gari la kutoka Voi hadi mtoni linakaribia bei ya usiku mmoja wa malazi. Wakiwa wanne ni nafuu. Akiwa mmoja peke yake ataona uchungu.

Kiingilio cha hifadhi ni juu yako, mbali na bei ya kambi, isipokuwa wamekuandikia vinginevyo. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na langoni hawapokei pesa taslimu. Lipa ungali Mombasa ambako mtandao uko imara, na uhifadhi risiti kwenye simu kama picha, maana ukifika langoni ukute mtandao umelala hutakuwa na la kufanya ila kusubiri juani. Raia abebe kitambulisho chake chenyewe, si picha yake. Tofauti kati ya bei ya raia na ya mgeni ni kubwa, na askari wa lango hana sababu ya kukuamini kwa lafudhi. Kumbuka pia gari lako lina ada yake, na soma kwenye risiti muda wa tiketi unaishia saa ngapi. Ukichelewa kutoka kwa kuwa uling'ang'ania kiamshakinywa, unaweza kudaiwa siku nyingine. Na chupa za maji za plastiki ziache nyumbani: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020. Chukua mtungi wa lita tano na chupa ya chuma.

Sasa hema lenyewe. Hema la kambi nzuri ni turubai nzito lililosimamishwa juu ya sakafu ya mbao au saruji, juu yake paa la pili la makuti au turubai, nyuma choo na bafu. Lile paa la pili si urembo. Turubai peke yake kwenye jua la Februari huwa tanuri ifikapo saa tisa, na paa la pili likiachiwa nafasi ya upepo kati yake na hema ndilo linalokuwezesha kulala mchana. Makuti hupoza zaidi kuliko turubai, ila hukaribisha mijusi na panya, na usiku utasikia mchakacho juu. Hawana neno nawe. Ukipewa nafasi ya kuchagua, kataa hema linaloelekea magharibi bila mti mbele yake. Penda lililo chini ya mgunga au mikoma, hata kama mto hauonekani wote.

Ukiingia tu, kagua vitu viwili. Kwanza zipu. Vumbi la Tsavo ni laini na hula zipu. Ikianza kupitisha meno, mbu na nge hawangoji mwaliko. Ifunge polepole kwa mikono miwili, mmoja ukivuta, mwingine ukikaza kitambaa nyuma yake. Ikigoma, isugue kwa mshumaa meno yote juu na chini, halafu jaribu tena. Wahudumu wazoefu huwa na kipande mfukoni. Zipu mbili zikikutana pembeni chini, zifunge pamoja kwa klipu au kufuli dogo. Ni kwa ajili ya tumbili, ambao wanajua kufungua zipu, tena kwa haraka kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Pili, tazama pale ukuta wa hema unapokutana na sakafu, hasa nyuma ya kitanda na karibu na bomba la choo. Matundu mengi yako hapo, na ndipo wadudu wanapoingilia. Ukiona tundu, sema papo hapo; gundi na kiraka ni kazi ya dakika kumi mchana, usiku hakuna atakayekuja.

Usiweke matunda wala biskuti hemani. Kila kambi husema hivyo na kila wiki kuna mgeni anayeficha maembe. Ndovu hunusa embe kutoka mbali, na turubai kwake si ukuta. Udi wa mbu nao uache: moto na turubai havipatani. Tumia mafuta ya kujipaka na ulale ndani ya chandarua, kwa sababu upande huu wa chini malaria ipo, na mtoni mbu ni wengi kuliko Voi mjini.

Bafu ndilo sehemu watu wanayolalamikia zaidi, na mara nyingi ni kwa kutojua. Kambi nyingi za porini hutumia ndoo ya turubai au ya bati ya lita 20 inayopandishwa kwa kamba na kapi juu ya bafu, nayo ina kichwa cha kunyunyizia chenye mnyororo au mfereji mdogo. Maji huchemshwa kwenye pipa la chuma lililolazwa juu ya meko ya kuni nyuma ya jikoni. Utaratibu ni huu: mwambie mhudumu saa unayotaka, yeye atamimina ya moto na ya baridi, ataita kutoka nje kwamba maji yako tayari. Kabla ya kusimama chini yake jaribu kwa mkono, kwani aliyemwaga ya moto mwisho bila kukoroga anaweza kukuunguza. Fungua sekunde kumi na tano ujiloweshe, funga, jisugue sabuni, fungua ujisuuze. Ukifanya hivyo lita 20 zinatosha watu wawili. Ukiacha wazi, dakika nne au tano zimekwisha na povu liko kichwani. Tatizo jingine ni chumvi: maji ya visima vya Tsavo mengi yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na nywele hukakamaa. Wenye visima vya chumvi Kisauni hawatashangaa. Maji ya kunywa ni habari nyingine. Uliza yanatoka wapi na yanasafishwaje, wala usikubali jibu la "yako sawa". Kambi makini itakuonyesha mtambo wa kuchuja au mitungi iliyofungwa kiwandani. Hesabu lita tatu hadi nne kwa mtu mzima kwa siku wakati wa joto.

Umeme ni wa sola. Taa zitawaka, simu itachajiwa, feni ndogo labda. Birika la umeme, pasi na mashine ya kukausha nywele hazitakubaliwa: kifaa kimoja cha nywele huvuta wati 1,500 au zaidi, inveta ikakatika, na hema la jirani likabaki gizani nalo. Chaji vitu vyako mchana jua likiwa kali, si saa nne usiku betri zikiwa zimechoka. Anayelala na mashine ya kupumulia aandike jambo hilo wakati wa kuweka nafasi, aletewe betri yake peke yake. Akisubiri kulisema mapokezi amechelewa. Mtandao wa simu kandokando ya Galana ni wa kubahatisha, kwa hiyo deni lolote la M-Pesa lilipe kabla hujaondoka barabara kuu, na dada au shangazi anayetaka kujua umefika mwambie asitarajie simu hadi kesho.

Usiku ndipo unapoona kambi ina wasimamizi au haina. Hakuna ua. Viboko hutoka majini kula majani na hupita kati ya mahema, nyati vilevile, na simba wanapopita huacha nyayo tu. Kanuni ni kwamba giza likishaingia hutoki hemani bila askari, hata kama meza ya chakula iko hatua thelathini. Askari anayejua kazi hutembea mbele, tochi yake ikizunguka chini na pembeni kutafuta macho yanayong'aa, husimama kwenye kila kona ya njia, na hakubali kuzungumza mkiwa njiani. Ukiona askari anatembea nyuma yako akitazama simu, hiyo ni kambi ya kukimbia. Uliza pia utamwitaje: kipenga, redio, au kuwasha tochi mara tatu kuelekea jikoni. Jaribu siku ya kwanza kabla ya kulala, muone anakuja baada ya muda gani. Wenye watoto wadogo waulize wazi kama hema la familia lipo, kwa sababu mahema mawili yanayotengana maana yake ni mzazi mmoja kila hema. Huwezi kwenda kumtazama mtoto saa nane usiku kwa miguu.

Chakula kwa kawaida ni kizuri kuliko unavyotarajia, na huu si mzaha: wapishi wengi wa kambi hizi walijifunzia hoteli za Pwani. Mkate huokwa pale pale, kuku na mboga hutoka Voi au Malindi. Kosa lao ni kupikia wageni wa nje tu, chakula kisicho na ladha wala pilipili. Mwambie mpishi mapema kwamba unataka ugali, sukuma na samaki wa kupaka, atafurahi. Kwa Waislamu, nyama ya halali hupatikana bila shida ikiwa umeomba wakati wa kuweka nafasi, kwani machinjio na maduka ya Voi na Malindi wanayajua. Cha kusisitiza ni sufuria na visu, kwa kuwa kambi hizo hupika pia nyama ya nguruwe. Waombe jiko moja la pembeni au wakupikie kwanza kabla ya mengine. Kibla hakina tabu: kama Mombasa, ni kaskazini karibu sawasawa. Kambi nyingi ziko ukingo wa kusini, kwa hiyo ukielekea ng'ambo ya mto umekaribia; mto una mikunjo, basi thibitisha kwa dira ya simu. Na kama mnaenda kwa barabara kuu siku ya Ijumaa, ule msikiti wa Sayyid Baghali Shah pale Mackinnon Road uko ubavuni mwa reli, na madereva wengi husimama hapo hata siku zisizo za Ijumaa.

Mavazi yana jambo moja ambalo wauzaji wa safari hawalisemi. Kwenye vichaka vya mtoni kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokolea. Buibui jeusi ndani ya gari la wazi ni kujiitia balaa. Dera la rangi ya mchanga au kahawia, la mikono mirefu, linasitiri vilevile na halimwiti mdudu. Nguo za madoadoa ya kijeshi usizibebe kabisa, ni kosa kisheria nchini. Viatu vifunike vidole, na asubuhi uvikung'ute kabla ya kuvaa: nge hupenda kiatu kuliko mahali popote, na moma, nyoka mwenye sumu, hulala njiani bila kusogea hata ukimkaribia.

Kuhusu wanyama, anayetoka Maasai Mara na kutarajia vilevile atasikitika. Tsavo ni vichaka na ardhi kavu. Wanyama wako mbalimbali na wakijificha hawaonekani hata wakiwa mita ishirini. Unachopata hapa ni ndovu, tena wale wekundu kwa kuoga vumbi la udongo huu. Hesabu ya taifa ya mwaka 2021 ilikuta ndovu 36,280 Kenya nzima, na kundi kubwa kuliko yote liko katika eneo la Tsavo. Wakati wa ukame hushuka mtoni kunywa kati ya saa nne na saa tisa mchana, yaani wakati ule ambao magari ya safari za haraka yako kwenye meza za chakula. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kulala usiku mara mbili: siku ya katikati usitoke mchana, kaa kivulini mbele ya hema na darubini. Kuro, nyani, mamba juu ya mchanga, viboko kwenye vidimbwi, vyote vinakuja vyenyewe. Kwenye mizunguko utaona swala twiga akisimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu, choroa, tandala mdogo, na simba dume ambao wengi hawana manyoya ya shingo ya kutajika. Anayekuahidi kifaru upande huu anakudanganya. Vifaru wanaoonekana kwa uhakika zaidi wako ndani ya ua wa Ngulia, Tsavo Magharibi.

Maporomoko ya Lugard yamo kwenye kila ratiba. Yanafaa, lakini jina linakuza: ni mto unaobanwa kwenye miamba yenye mistari na kugeuka mkondo mkali. Unaruhusiwa kushuka garini. Pana mahali miamba inakaribiana hadi mtu akadhani anaweza kuruka ng'ambo. Mwamba umelainika kwa maji na chini kuna mamba, basi picha ipigiwe mbali. Afadhali muda huo uutumie kwenye mwamba wa Mudanda ikiwa unatokea upande wa Voi. Una urefu wa kilomita 1.6, kuna bwawa chini yake, na ukiwa juu unawaona ndovu bila wao kukuona.

Safari za usiku kwa gari hazipo ndani ya hifadhi ya taifa, na kutembea kwa miguu ni kwa mpango maalumu pamoja na askari mwenye silaha wa KWS, shirika la wanyamapori la serikali. Kambi ikikuandikia vitu hivyo viwili kwenye tangazo, uliza kama iko ndani ya hifadhi au kwenye ranchi ya pembeni. Ranchi na hifadhi za jamii, kama LUMO upande wa Taita, zina kanuni na viingilio vyake. Si ubaya, bali ni bidhaa nyingine: mtu anayetaka kutembea na kutoka usiku huko ndiko kwake.

Anayeleta gari lake alete la magurudumu manne yanayovuta, au angalau lililoinuka. Jaza mafuta Voi au Malindi, ndani hakuna kituo. Spea mbili si nyingi, kwani miiba ya migunga hupenya ubavu wa tairi, na jeki iwe na kipande cha ubao chini yake, la sivyo itazama mchangani. Upepo wa tairi ukipunguzwa kutoka PSI 35 hadi 28 gari halirukiruki sana kwenye bati la barabara. Ila ukirudi lami uurudishe. Ukikwama usishuke kusukuma kabla ya kutazama pande zote, tena ukae karibu na mlango.

Gari la kambi lina dereva anayezijua njia, na hapo ndipo pesa inapofaa kutumika. Uliza gari ni la wazi au la paa la kufunguka, na linabeba wangapi. Watu sita kwenye Land Cruiser wanakaa vizuri, tisa mtu wa katikati haoni kitu. Dereva akizima injini penye wanyama na akasubiri, mpe chake mwisho wa safari mkononi. Sanduku la pamoja ni la jikoni na wafuaji.

Msimu: Juni hadi Oktoba ndio bora, na Januari hadi Februari ni mzuri lakini wa moto. Masika, kati ya Machi na Mei, kambi kadhaa hufunga, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na vivuko vya mtoni hufurika kiasi cha kukukatia upande wa pili. Novemba bei hushuka. Mvua ya vuli ikiwa ndogo utapata pori la kijani kwa pesa kidogo, ikiwa kubwa utakaa hemani. Ndovu nao mvua ikinyesha hutawanyika, kwa kuwa maji yapo kila shimo na mto hawauhitaji.

Anayeweza usiku mmoja tu asilazimishe Galana. Shimba Hills iko upande wa pili wa Likoni, inafikika asubuhi na kurudi, na ndiko pekee Kenya unakoweza kumwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Ni msitu na vilima, hewa ya baridi, maporomoko ya Sheldrick ya kushukia kwa miguu ukiwa na askari. Ndovu wapo, ingawa msituni huwaoni ovyo.

Unapoweka nafasi, omba bei ya raia au mkaazi kwa maandishi, iandikwe kwa kila mtu kwa usiku, na waorodheshe kilichomo: milo, maji ya kunywa, mizunguko mingapi, gari la kutoka Voi, kufua nguo, bima ya ndege ya wagonjwa. Bei inayotajwa kwa kawaida ni ya wawili hema moja, na anayelala peke yake huongezewa. Uliza pia masharti ya kuahirisha ikiwa barabara imefungwa kwa mafuriko, maana jibu la swali hilo hutofautiana sana: kambi moja hukupa tarehe nyingine bila neno, nyingine hushika amana yote. Ile isiyotaka kuandika jibu, ipite.